Rozi Zako Ziko na Kiu, Maze

Beba maua kwa mathree hapa Nai uone venye wasee watakuangalia. Ukiwa umepiga luku, konda anataka kujua ni mresh gani amekuweka hivyo. Ukiwa umevaa nyeusi wanakusongea wakupee kiti, juu wanajua unaenda matanga. Hakuna mtu hata mmoja anafikiria hizo rozi ni zako, umejibuyia, unapeleka keja uweke kwa meza udishi ugali sukuma ukizitazama. Na wale wamewahi kujaribu hiyo form wanakuchapia story moja tu: "Nilibuy Friday, kufika Sunday zilikuwa zimeinamisha kichwa. Maua ni kuchoma doh."

Zii. Rozi yenye imeinama siku ya pili haijazeeka, na haikuwa fala ulipoinunua. Iko na kiu. Imesimama ndani ya maji na haiwezi kuinywa, na mara mob mwenye ameifanya ishindwe kunywa ni wewe na hiyo jagi yako chafu. Shika hiyo moja kwanza, zingine zote zitajipanga.

Cheki kwenye imetoka. Nyingi ya hizi rozi za tao ni za Naivasha, kilomita kaa 90 hivi kutoka Nai, huko juu mita karibu 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mchana ya ikweta ni masaa karibu 12 kila siku mwaka mzima, usiku baridi inashuka, na hiyo mchanganyiko rozi inaipenda vibaya. Shamba la Oserian walianza kupanda maua huko 1982, na sai Kenya iko kati ya nchi zinauzia Ulaya rozi mob kushinda wengine wote. Dem wa Karagita, huko huko Naivasha, anaamka giza, anaingia grinhausi, anakata rozi ikiwa bado imejifunga. Inatumbukizwa kwa ndoo ya maji hapo hapo. Inakimbizwa kwa chumba cha baridi, digrii 2 mpaka 4. Inapimwa, inafungwa, inaingia kwa lori yenye friji mpaka JKIA, usiku iko juu angani. Ikifika Uholanzi inaweza kupitia mnada wa Aalsmeer, ipakiwe tena, ipelekwe duka la Ujerumani ama Uingereza, na huko supamaketi zingine zinamwambia mteja: siku 7, zikikufa kabla ya hapo rudisha upewe doh yako.

Piga hiyo hesabu polepole. Hiyo rozi imekula siku kadhaa njiani, imeruka mpaka bara ingine, na bado iko na wiki mzima ya kuishi kwa meza ya shosho wa kizungu huko Leeds. Yako imepanda tu ile mlima ya Naivasha ikateremkia tao, haijahitaji hata pasipoti, alafu inadedi na siku mbili? Ua ni moja. Tofauti iko kwa maji na kwa joto.

Wengine watakuambia za huku ni reject. Ni ukweli nusu. Mob zenye zinabaki soko ya nyumbani ni zile hazikutosha kipimo cha eksporti: fimbo fupi, kichwa kidogo, ama imepinda kidogo pahali. Mzungu anataka zote zifanane. Lakini fupi si gonjwa, na mimi kwa bedsita yangu naitaka hiyo fupi, juu maji haina safari ndefu ya kupanda mpaka kwa kichwa. Ile rozi ya mita moja wacha wabaki nayo wenye wako na sebule ya kuiweka.

Sasa uko City Market, kati ya Koinange na Muindi Mbingu, ndoo zimejipanga na kila mtu anakuita kastoma. Usikimbilie rangi. Finya kichwa ya rozi taratibu na vidole mbili, pale chini petali zinashikana. Ikikataa kubonyea, hiyo ni mpya. Ikibonyea, imekaa sana. Pia isiwe imejifunga mpaka rangi haionekani, juu zingine hukatwa mapema na hazifungukangi milele, zinainama tu zikiwa zimekunja ngumi. Kisha itoe kwa ndoo uangalie mkia. Ukipata ute, ama maji ya ndoo inanuka, songa kwa jirani bila maneno. Majani nayo hayajui kudanganya: ukiyagusa yakianguka, toka hapo.

Kuna petali ya nje kabisa, nzito kidogo, saa zingine iko na michirizi ya kijani ama alama ya kugongwa. Watu mob wanakataa rozi poa juu ya hiyo. Petali hiyo ni bodigadi. Shamba huiacha makusudi ichape safari na ikule mikwaruzo, wewe ukifika keja unaing'oa, za ndani ziko safi. Chenye mimi huogopa ni rozi imechunwa sana, imebaki kichwa kidogo nyembamba. Hiyo mwenyewe amekuwa akiitoa petali kuukuu kila asubuhi ndio ikae ya leo.

"Mathe, hizi zimeingia lini?"

"Leo asubuhi, kijana yangu."

"Na hizi za huku nyuma?"

"Hizo pia ni za leo."

"Leo gani, mathe?"

Anacheka, anakuonyesha ndoo ingine yenye hukuwa umeona. Wamathe wa maua ni watu poa ukiongea nao vizuri, na ukirudi mara ya pili wanakukumbuka. Mwambie zako ni za kuweka keja, si za kupatia mtu leo jioni. Hizo ni biashara mbili tofauti. Ya kupatia dem leo inafaa ikuwe imeshafunguka, ipendeze saa hiyo hiyo. Ya keja iwe bado imefunga nusu ndio uishi nayo.

Tangu karatasi za plastiki za kubebea zipigwe marufuku Agosti 2017, maua hufungwa na gazeti ama karatasi ya kahawia, na hiyo ilikuwa bahati kwa rozi. Omba mathe aloweshe hiyo gazeti pale kwa mikia. Kwa mathree kaa upande haina jua, na ukiwekwa mbele na dere usiziweke kwa dashibodi ama hapo juu ya injini, juu jam ya Outering itazipika kabla ufike Donholm. Saa moja ya joto kali inakula maisha ya rozi kushinda usiku mzima wa baridi. Ua linapumua, na joto ikipanda linapumua haraka, linamaliza akiba yake ya sukari ikiwa bado iko kwa mapaja yako.

Umefika keja. Usitafute vasi ya Instagram. Jagi ya juisi ni fiti, chupa ya jam ni fiti, hata ile kopo mathe huweka mchele, bora tu isianguke na ikuwe imeoshwa. Na nikisema imeoshwa simaanishi imesuuzwa. Sugua na sabuni, suuza, kisha pitisha maji yenye JIK kidogo, suuza tena. Ile laini ya kijani imebaki kwa jagi kutoka kwa maua ya mwezi uliopita ni jeshi ya bakteria imelala, inangoja tu rozi mpya.

Hapa ndio roho ya story yote, kwa hivyo tukae kidogo. Fimbo ya rozi ndani iko na vishimo vyembamba sana vinapanda kutoka chini mpaka kwa petali, na inanyonya maji venye wewe hunyonya soda na mrija. Haina moyo ya kusukuma. Kinachovuta ni majani na petali huko juu: zinapoteza maji hewani kila saa, na hiyo maji ikitoka inavuta ingine kutoka chini. Sasa ikiwa kwa hivyo vishimo kuna hewa imeingia, ama kuna takataka imeziba, kule juu maji inaendelea kutoka na kule chini hakuna yenye inaingia. Pale shingo ya rozi, chini tu ya kichwa, ndio pahali laini kushinda pote, na hapo ndipo inakunjika. Jagi imejaa maji. Rozi imekufa kiu.

Kwa hivyo kwanza unakata. Ilipokuwa kwa gazeti bila maji, mkia umenyonya hewa, na hiyo hewa imekaa pale mwisho imeziba njia. Kata sentimita 2 ama 3, na kisu kali. Makasi butu ya kufungulia paketi ya maziwa hapana, hiyo inaponda fimbo na kufunga vishimo vile vile unataka kufungua. Kata mshazari ndio mkia usikalie chini ya jagi flati ukajiziba wenyewe. Na kaa unaweza, fanya hiyo kazi ndani ya maji: weka maji kwa besheni, zamisha mikia, kata huko huko chini. Badala ya hewa kuingia, inaingia maji. Alafu peleka kwa jagi haraka, usianze kutafuta simu upige picha.

Pili ni majani. Jani lolote litazama kwa maji, litoe. Jani likizama linaoza, likioza bakteria wanafanya sherehe, na ute wao ndio unaenda kuziba njia. Ya juu wacha kadhaa, juu ndio yanavuta maji, lakini usiwache msitu. Miba pia usikwangue yote ndio fimbo iwe laini. Kila pahali umechubua ngozi ni mlango umefungulia bakteria. Toa tu yenye itakuchoma na yenye itaingia kwa maji.

Tatu ni dishi. Kile kipaketi cha unga hupewanga na bukei za maduka kubwa si ushirikina, iko na kazi. City Market hupati, kwa hivyo jipikie. Lita moja ya maji yenye imepoa kutoka vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya ndimu, kimoja cha JIK ile plain haina manukato. Sukari ni chakula: rozi ilikatwa ikiwa imefunga, na kufunguka ni kazi ngumu inataka nguvu. Ndimu inaleta uchachu, na maji chachu inapanda kwa fimbo rahisi. JIK inaua bakteria. Ziweke zote tatu ama usiweke hata moja, juu sukari peke yake ni kulisha adui. Na hii sikia vizuri: maji ndio inaingia kwanza, kisha vingine moja moja. JIK na ndimu zikikutana bila maji katikati zinatoa gesi yenye itakuchoma kifua. Usijaribu hiyo kwa keja haina dirisha.

Umefulia na hauna ndimu? Sprite inakubali. Kikombe kimoja cha Sprite kwa vikombe viwili ama vitatu vya maji, na matone ya JIK. Ndani kuna sukari na uchachu tayari. Ile ya zero wachana nayo, haina sukari yenyewe. Panadol haisaidii kitu, rozi haiumwi na kichwa. Aspirini watu wanaisifu juu ni chachu kidogo, lakini ndimu ya mbao inafanya hiyo kazi poa zaidi na huhitaji kuiba kwa dawa za mathe.

Alafu kila baada ya siku mbili unamwaga yote, unaosha jagi, unakata mkia tena kidogo, unaweka mpya. Hapa ndio watu huanguka. Wanaongeza maji juu ya ile ya zamani na kusema wamebadilisha. Hiyo ni kumwaga maji safi kwa mtaro.

Sasa utaziweka wapi, na hii ya bedsita inataka akili, juu jikoni, chumba cha kulala na sebule ni futi kumi kwa kumi. Adui mkubwa kwa hiyo chumba si jua, ni ndizi. Tunda likiiva linatoa gesi inaitwa etilini. Huisikii harufu, huioni, lakini ua likiinusa linapata ujumbe kwamba wakati umeisha, angusha petali. Ndizi, avokado, embe na tomato zimeiva, zote ziko kwa hiyo biashara. Ukiweka jagi kando ya kikapu cha matunda ndio picha itoke vizuri, picha itatoka, rozi itaenda. Kaneshoni ndio dhaifu kabisa kwa etilini, inajikunja usingizi na hairudi.

Moshi pia una hiyo gesi. Stovu ya mafuta, jiko ya makaa, sigara ya jirani inapitia dirishani. Hata hii elimu ilikuja kupitia gesi ya taa: zamani Ulaya taa za barabara zilikuwa za gesi, mabomba yakivuja miti ya kando inaangusha majani bila sababu, mpaka 1901 Mrusi anaitwa Dimitry Neljubow akaonyesha ni etilini iko ndani ya hiyo gesi inasumbua mimea. Kwa hivyo ukipika chapo Sunday, fungua dirisha na usongeshe rozi mbali. Juu ya friji si pahali, pale nyuma kuna joto. Juu ya TV, the same. Na ndani ya friji pia zii kaa kuna matunda, umezifungia na adui kwa kabati moja.

Keja ya mabati mchana ni oveni, na hakuna kitu utaifanya hiyo. Lakini usiku unaweza kuzishusha chini kwa sakafu ya simiti, ile kona baridi kando ya mlango, zilale huko. Ni baridi ya bure. Shamba wanalipia stima mob kupata hiyo kitu.

Maji yenyewe iko na story yake. Ploti mob siku hizi hutegemea borehole, na maji ya chini hapa Nai, vile iko Bonde la Ufa, mara nyingi ina floraidi mingi. Ni hiyo hiyo inapaka watu wa pande hizo meno kahawia. Rozi inavumilia kiasi, lakini gladiola na gerbera zinaungua pembeni, unafikiri ni ugonjwa na ni maji tu. Ukipata ya mfereji ya kanjo, yenye inatoka Ndakaini, tumia hiyo. Ya mvua ni poa pia, weka ndoo nje mvua ikinyesha. Na siku maji imekatwa ploti nzima usizipatie ile umesuuzia nguo, bora zikae na ya jana.

Tuseme umefanya yote na bado moja imeinama. Usiitupe. Jaza besheni na maji vuguvugu, kata mkia tena ndani ya hayo maji, kisha ilaze mzima humo, kichwa na kila kitu, lisaa limoja hivi. Ikiwa ndani ya maji haipotezi kitu hewani, na fimbo inapata nafasi ya kujaza zile mapengo. Kabla ya kuirudisha kwa jagi ifunge na gazeti, kichwa imesimama wima, ndio ikijaa ijae ikiwa imenyooka. Nimeona rozi imeshalala ikasimama tena mpaka demu wa mlango wa pili akafikiri nimebuy zingine. Ikikataa kabisa, kata fimbo fupi, iache kichwa ielee kwa bakuli ya maji. Utapata siku moja ama mbili zaidi kutoka kwa ile kitu ulikuwa unaenda kutupa.

Kitu moja usifanye ni kuzinyunyizia maji kwa petali ukifikiri unazipoesha. Petali ikikaa na unyevu inapata kuvu ya kijivu, inaanza na vidoa vidogo alafu inakula kichwa chote. Kiu iko kwa mkia, si kwa uso.

Kaa budget ni ndogo na unataka kitu haisumbui, wacha rozi. Kaneshoni ikikaa mbali na ndizi inaweza kupita wiki mbili, ila ikate katikati ya vifundo, si pale kwa kifundo, juu hapo maji haipiti vizuri. Alstromeria nayo inadumu, na fimbo moja ina vichwa kadhaa. Maji yake ya fimbo huwasha wengine ngozi, kwa hivyo osha mikono. Arabicum, zile nyeupe ziko na jicho nyeusi katikati, ni za wakulima wadogo wa Kinangop na pande zingine za Nyandarua, watu wa shamba ya shosh, na zinafunguka moja moja kutoka chini kwenda juu kwa muda mrefu. Lili ni tamu lakini toa ile unga ya katikati kabla ianguke kwa shati nyeupe, haitoki. Na kaa kwa keja kuna paka, lili isiingie kabisa. Hata hiyo unga ikishika manyoya alafu ajilambe, figo zinaenda.

Alafu kuna mbogi ya TikTok inataka pioni. Ile ua kubwa imejaa petali mpaka haijui itaziweka wapi, iko kwa kila harusi ya majuu. Maze, Naivasha haiwezi kukupea hiyo. Pioni inataka winta ya ukweli, wiki kadhaa za baridi karibu na barafu, bila hiyo haitoi ua. Kule Uholanzi msimu wake mkubwa ni Mei na Juni, na huku ukiipata imekuja na ndege, na bei yake pia imekuja na ndege. Kaa uko na binamu majuu mwambie anunue ikiwa bado imefunga, ile ukiifinya inabonyea kidogo, na ikiwa haibonyei kabisa aiwache, inaweza kataa kufunguka. Kutoka hapo ni yale yale: mkia ukatwe, majani ya chini yatoke, maji safi. Mdudu chungu akimkuta kwa ua asishtuke, anafuata tu utamu wa nje, apanguse.

Wewe wa Nai ukitaka hiyo shepu bila pasipoti, kuna rozi za bustani, zile za petali mob zimejikunja ndani ya zingine. Shamba la Tambuzi, huko pande za Nanyuki chini ya Mlima Kenya, wanapanda rozi za David Austin za harusi, na mtu ambaye haangalii sana atakuapia ni pioni. Hazidumu sana kushinda rozi ya kawaida, juu petali nyingi ni midomo mingi ya kunyweshwa. Jaza jagi mpaka karibu na shingo na ukague kila asubuhi.

Shosh bado anasema maua kwa nyumba ni kuita matanga, na siwezi bishana na shosh. Machali nao wanaogopa kuonekana wamebeba. Lakini hii jiji imeshatumia rozi kusema mambo mazito kushinda "nakupenda". Tarehe 14 Februari 2024 madem, na machali kadhaa, walivaa nyeusi, wakabeba rozi nyekundu na mishumaa, kukumbuka wanawake wenye wameuliwa na watu wenye walisema wanawapenda. Waliiita Dark Valentine. Tangu hiyo siku mimi nikiona rozi nyekundu Februari siioni ya kucheka tu.

Na kwa sababu tumefika Februari, usibuy tarehe 13. Hiyo wiki bei inapanda mpaka unajiuliza kaa wanauza na shamba, na rozi poa zote ziko kwa ndege zinaenda kwa watu wengine. Ngoja tarehe 15 asubuhi, enda City Market na gazeti yako mwenyewe. Ndoo zimejaa, wamathe wamechoka, hakuna mtu wa kuwasumbua. Finya vichwa, chagua zile bado zimefunga, na umwambie mathe akuongezee mbili juu umekuja siku hakuna mwingine amekuja.